Regulata ya propani kwenye tochi ya kioo: dalili za kuchoka, chanzo chake na la kufanya

Fundi wa kioo anayeyeyusha fito kwenye tochi, yaani kichomea cha mezani cha propani na oksijeni, mara nyingi huliona tatizo la gesi kwenye kioo chenyewe kabla geji ya presha haijasema kitu. Ufito wa feruzi unatoka na utando wa rangi ya tofali. Kioo kisicho na rangi kinashika masizi, chenye madini ya risasi ndani kinapiga weusi, na vishikio vya tochi viko palepale ulipoviacha jana.

Maelezo yake ni mafupi. Kipimo kimoja cha propani kikiungua kikamilifu hula vipimo vitano vya oksijeni. Propani ikizidi kidogo tu, pengo la oksijeni ni kubwa, na moto unaanza kuipora kutoka kwenye madini yanayokipa kioo rangi. Shaba iliyomo kwenye feruzi huwa ya kwanza kulalamika.

Tatizo ni kwamba oksijeni ikipungua upande wake matokeo ni yaleyale. Regulata ya propani, kifaa kinachoshusha presha ya mtungi kabla gesi haijafika kwenye tochi, hubebeshwa makosa ya mashine ya oksijeni, ya mtungi uliopoa, ya mpira wa kupitishia gesi uliokunjika chini ya meza, na ya kizuia moto kurudi kilichoziba. Halafu inapoharibika kweli, moto unaweza kuonekana mzuri tu. Ndiyo maana vipimo vya maana hapa vinafanywa tochi ikiwa imefungwa. Moto unaowaka hukupa dokezo, basi.

Wakati wa kuacha kuchunguza

Ukisikia harufu ya gesi isiyoisha, au mlio wa kuvuja usiojua unatoka wapi, funga vali ya mtungi. Si ya tochi, ya mtungi. Propani ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo haipandi na kutokea dirishani. Inatambaa sakafuni, inajaa chini ya meza, inaingia kwenye mifereji na vyumba vya chini. Ikifika kiasi cha asilimia 2 ya hewa tayari inaweza kushika moto. Usiguse swichi yoyote ndani ya chumba hicho. Wengi husahau tanuri la kupoozea kioo: rilei yake, yaani swichi yake ya ndani, hujiwasha na kujizima bila kukuuliza, na kila mara inaweza kutoa cheche. Likate umeme kwenye swichi kuu iliyo nje ya chumba, mbali na gesi.

Kama moto umeshika kwenye regulata yenyewe, funga vali ya mtungi endapo unaifikia bila kuungua. Ikishindikana, toka, watoe wengine, ita zimamoto. Usiuzime moto wa gesi huku gesi bado inatoka. Utabaki na gesi isiyowaka inayojikusanya ikisubiri cheche nyingine.

Ndani ya regulata kuna nini

Skrubu ya mbele hubana springi. Springi husukuma kiwambo (utando unaonyumbulika), kiwambo husukuma pini, na pini huifungua vali kwenye kiti chake, mahali vali inapokaa ili kuziba gesi. Gesi inaingia, inakisukuma kiwambo kurudi nyuma, vali inajifunga. Mahali springi na gesi zinapolingana nguvu ndiyo presha unayoisoma kwenye geji.

Tochi nyingi za mezani hufanya kazi propani ikiwa karibu psi 5, yaani bar 0.35 hivi. Upande wa pili wa kiti, mtungi wa propani isiyochanganywa katika nyuzi joto 20 za Selsiasi una bar 7 na ushei. Kiti kidogo cha mpira au plastiki ngumu kinazuia presha inayozidi ile ya tochi mara ishirini. Karibu kila ubovu utakaoukuta ni mojawapo ya haya: kiti hakifungi sawasawa, kiwambo kimepasuka au kukakamaa, au gesi haifiki kama inavyotakiwa.

Moto unaruka ukiwasha, kisha unatulia

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu watu huizoea. Umefunga vishikio vya tochi, umeingiza ushanga kwenye tanuri, umechagua fito nyingine. Unarudi, unafungua propani kidogo, unawasha, na moto unaruka mrefu na wa njano. Baada ya sekunde mbili unanywea na kuwa wa kawaida. Mtu anajifunza kurudisha uso nyuma kila anapowasha, na kazi inaendelea hivyo kwa miezi.

Chanzo ni kiti cha vali. Imeingia chembe ya kutu kutoka kwenye mtungi, au kiti kimechakaa na kupata alama ya duara pale pini inapokaa. Gesi inapenya polepole. Tochi ikiwa inawaka huoni kitu, kwa kuwa gesi inayopenya ni kidogo kuliko inayoungua. Ukifunga tochi gesi hiyo inakosa pa kwenda, na presha kwenye mpira inaanza safari ya kuelekea presha ya mtungi. Ule mruko wa moto ndiyo presha hiyo inaachiliwa.

Kuipima ni rahisi. Fungua mtungi, weka presha yako ya kawaida tochi ikiwaka, kisha funga vali za tochi na uache mtungi wazi. Sindano ya geji itapanda kidogo na kusimama. Hilo ni jambo la kawaida, kila regulata hufanya hivyo inapojifunga. Sasa kaa nayo dakika kumi. Ikisimama pale iliposimama, kiti kizima. Ikiendelea kupanda, hata kwa mwendo wa kobe, kiti kinavuja. Hakikisha tu mpira hauko juani wala karibu na tanuri, maana gesi iliyofungiwa ikipata joto hupandisha sindano bila kosa la regulata.

Kama regulata yako ina geji mbili, kipo kipimo kinachofafanua zaidi. Mfumo ukiwa na presha na tochi imefungwa, funga vali ya mtungi, kisha legeza skrubu ya regulata hadi iwe huru kabisa. Acha robo saa na usome geji zote mbili. Geji ya mtungi imeshuka na ya tochi imepanda: gesi inapita kwenye kiti. Geji ya mtungi imeshuka peke yake: panavuja upande wa mtungi, mara nyingi kwenye nati ya kuunganishia. Geji ya tochi imeshuka peke yake: tafuta kwenye mpira, viungio, vali za tochi, au kwenye kiwambo. Hakuna iliyosogea: regulata yako inafunga vizuri, na utando mwekundu kwenye feruzi una chanzo kingine. (Zipo regulata ambazo, skrubu ikilegezwa, hutoa zenyewe gesi ya upande wa tochi, kwa hizo geji ya tochi kushuka hakukuambii lolote.)

Regulata inayopandisha presha haitumiki hata kwa kazi moja ya mwisho. Kulegeza skrubu ili kufidia hakusaidii, kwa kuwa springi haina kosa. Na wale wanaofunga tochi jioni bila kufunga mtungi, wanaziachia vali ndogo za sindano za tochi kazi ya kushika presha ambayo hazikuundwa kuishika usiku kucha.

Moto unafifia kadiri kazi inavyoendelea

Hapa regulata husingiziwa zaidi. Umeanza na moto mkali, baada ya muda umelegea, unaongeza skrubu, unarudi, unalegea tena. Ukipumzika na kurejea, umepona wenyewe.

Regulata haijiponyi. Mtungi ndiyo unajiponya. Propani iliyomo ni kimiminika, na ili igeuke gesi lazima inyonye joto kutoka kwenye chuma cha mtungi. Ukivuta gesi haraka kuliko mtungi unavyopata joto kutoka hewani, kimiminika kinapoa na presha inashuka pamoja nacho: bar 7 za nyuzi joto 20 zinabaki chini ya 4 kwenye nyuzi 0. Pitisha kiganja ubavuni mwa mtungi kutoka juu kwenda chini. Pale baridi inapoanza ndipo kimiminika kilipoishia. Pakiwa na jasho ni kawaida, pakiwa na barafu unauvuta kupita uwezo wake. Mtungi mdogo ulio karibu na kuisha ndio huchoka upesi zaidi, kwa kuwa eneo la chuma linaloipasha gesi iliyobaki ni dogo. Dawa ni mtungi mkubwa zaidi au mapumziko. Usiupashe kwa moto wala kwa hita.

Palipo na mchanganyiko wa propani na butani kuna jambo la kuongeza. Propani huwahi kutoka, butani hubaki. Butani huchemka karibu na nyuzi 0, kwa hiyo robo ya mwisho ya mtungi wa namna hiyo huwa na presha ya chini kuliko mwanzo, hasa kukiwa na baridi. Na kwa vyovyote vile geji ya mtungi haikuambii gesi imebaki kiasi gani, inakuambia joto. Ukitaka kujua kiasi, weka mtungi kwenye mizani.

Mtungi ukiwa na joto la kutosha na bado moto unafifia, ndipo geji ya tochi inakuwa shahidi. Itazame moto ukiwa umefunguliwa wote. Kushuka kidogo, tuseme kutoka psi 5 hadi 4 na nusu, hakuna shida. Ikianguka hadi 2, gesi inakwamia kabla ya geji: chujio la mlango wa regulata limejaa uchafu, vali ya mtungi haijafunguliwa vya kutosha, au regulata ni ndogo kwa tochi hiyo. Lakini ikibaki 5 imara na moto ni dhaifu, regulata imetimiza wajibu wake. Kizuizi kiko mbele: kizuia moto kurudi, mpira uliobanwa na mguu wa kiti unachokalia, tundu la tochi. Vizuia moto kurudi huziba kimyakimya, hasa kile kilichowahi kupigwa na moto kweli. Wengi hubadilisha regulata mbili kabla ya kukishuku hicho.

Ukiwa umefungua mtungi kwa pupa na moto ukatoka mdogo tangu dakika ya kwanza, huenda ni kinga ya mtiririko iliyomo kwenye baadhi ya viungio, iliyodhani mpira umekatika. Funga kila kitu, ngoja kidogo, fungua mtungi taratibu.

Moto unaopumua

Kwanza itenge oksijeni. Ifunge, acha propani peke yake iwake ndogo kwa muda mfupi, hewa ikipita vizuri chumbani, na uitazame. Ule moto wa njano ukisimama bila kuyumba, propani haina hatia. Mashine ya oksijeni iliyozidiwa mara nyingi hudunda kwa vipindi vinavyolingana, kwa kuwa mitungi yake ya ndani hupokezana kila baada ya sekunde chache. Upande wa propani hauna adabu hiyo. Hupanda na kushuka ovyo.

Propani ikiyumba ikiwa peke yake, fungua mpira kwenye regulata (mtungi umefungwa na gesi imekwisha kutoka) uangalie mdomoni. Ukikuta ute wa mafuta wa rangi ya kahawia, umepata jibu. Propani huja na mabaki mazito, na pia hunyonya mafuta kutoka kwenye mipira isiyoifaa, kisha huyaacha ndani ya regulata. Pini inaanza kushika na kuachia badala ya kuteleza. Mpira wenyewe uwe ule ulioandikwa kuwa unafaa kwa propani. Ule wa asetilini peke yake huliwa na propani kutoka ndani. Regulata ikae juu kuliko mdomo wa mtungi, ili mafuta yakijikusanya yarudi mtungini badala ya kutulia kwenye kiwambo.

Kuna tundu dogo kwenye boneti, sehemu inayofunika springi. Kiwambo hupumulia hapo. Mtungi ukiwa nje, kama inavyopaswa, nyigu na buibui hulipenda sana. Tundu likizibwa kwa udongo kiwambo hakisogei kwa uhuru, na presha inachelewa kufuata mahitaji ya tochi. Tundu lielekee chini, mvua isiingie.

Barafu kwenye mwili wa regulata ni habari nyingine kabisa, hasa ikiambatana na moto mkubwa wa njano unaosukuma kwa mafungu. Hiyo ni propani ya kimiminika imeingia mahali pa gesi: mtungi umelala, umeinama, au umejazwa kupita kiasi. Kimiminika hicho kikigeuka gesi hutanuka zaidi ya mara 250. Funga mtungi, na usiutumie hadi ujue sababu.

Harufu karibu na regulata

Paka maji ya sabuni kwa brashi, mtungi ukiwa wazi na tochi imefungwa. Anza kwenye nati ya mtungi, kisha kwenye geji, kiungio cha mpira, na umalizie na lile tundu la boneti. Usitumie kiberiti, hata kama umemwona mtu mzima akifanya hivyo.

Povu kwenye nati hutibika. Nyuzi za gesi ya kuwaka hukazwa kinyume, kwenda kushoto, na nati zake mara nyingi zina mikato pembeni ili uzitambue. Angalia kama uso wa kiungio una mkwaruzo au mpira wake umepasuka. Usizungushie utepe wa mafundi bomba: viungio hivi huziba kwa nyuso zake au kwa mpira wa muhuri, nyuzi kazi yake ni kubana tu, na vipande vya utepe ndivyo vinavyokuja kuharibu kiti cha vali baadaye.

Povu kwenye tundu la boneti halitibiki kwa spana. Kiwambo kimepasuka, gesi inapita upande wa springi na kutokea nje. Siku hiyo kazi imeisha.

Unazungusha skrubu na hakuna kinachobadilika

Chunguza geji kwanza. Toa gesi yote kwenye mfumo. Sindano isiporudi sifuri, geji imekufa na yawezekana regulata ni nzima. Geji ikiwa sawa lakini skrubu inazunguka bila uzito wowote, springi imekatika au nyuzi zimelika. Skrubu ikiwa nzito, na presha haisogei mpaka uizungushe sana halafu inaruka ghafla, ni pini inayoganda au kiwambo kilichokakamaa.

Mlio wa filimbi au mngurumo unaotokea kwenye kiwango kimoja tu cha moto ni pini inayotetemeka. Badilisha kiwango kidogo uone kama unaisha. Kama unaisha na vipimo vya kufunga viko sawa, hauna haraka. Mlio ukiwa mpya kwenye regulata ya zamani, uweke akilini.

Kubadilisha

Usiifungue regulata mbovu. Vifaa vya ndani vinauzwa, na fundi mwenye mkono mzuri anaweza kubadilisha kiwambo, lakini bila benchi la kupimia hajui kama kiti kinafunga kwenye presha kamili ya mtungi. Watengenezaji na wasambazaji wengi wa gesi huzipa regulata za viwandani miaka 5 hivi kabla ya kubadilishwa au kurudishwa kiwandani. Tafuta tarehe iliyogongwa kwenye mwili wake. Watu hukuta imepita zamani.

Regulata ya jiko la nyumbani si mbadala. Hiyo hutoa milibar 30 hivi, chini ya sehemu ya kumi ya mahitaji ya tochi ya kawaida ya mezani. Upande wa pili, regulata kubwa zinazofika psi 60 hufanya kazi vibaya chini kabisa ya kipimo chao, na psi 5 iko hukohuko chini. Robo mzunguko wa skrubu inakurusha mbali. Chagua yenye kipimo kinachoishia karibu psi 15, iliyoandikwa kuwa ni ya propani. Ya oksijeni haiguswi kabisa, hata kama nyuzi zingekubali. Wala usipake grisi popote: ukishika ya propani leo, mkono huohuo utashika ya oksijeni kesho, na mafuta kwenye oksijeni yenye presha huwaka.

Mpya nayo ipimwe siku ileile ya kuifunga, dakika kumi tochi ikiwa imefungwa, kabla hujaiamini. Kila ukimaliza kazi, funga mtungi, choma gesi iliyobaki kwenye mpira, kisha legeza skrubu. Springi iliyobanwa bila gesi upande wa pili inakichosha kiwambo bure. Ile mbovu usiitupe nzima wala kuiweka kabatini. Kata nyuzi zake kwa msumeno, ikiwa imeshatenganishwa na kila kitu na haina gesi, kabla mwenzako hajaiona na kusema bado ina kazi.